Winga wa miaka 34 kasi imekata, aache mpira?

Kaka nimekusoma, unasema una miaka 34, unacheza winga timu ya mtaa, na siku hizi vitoto vya miaka 20 vinakuacha kama umesimama. Usitundike daluga bado aisee. Kinachoondoka kwanza ni ile mbio ya mita kumi za mwanzo, pamoja na uwezo wa kurudia mbio hizo mara nyingi ndani ya mechi, pumzi yenyewe inachelewa kuisha ukiitunza, na macho ya mpira ndo kwanza yanakomaa.

Mcheki Ryan Giggs wa Man United, alianza winga wa kukimbia na laini, baadaye akasogezwa kati awe anapiga pasi tu, akafanya sana yoga kwa ajili ya misuli ya nyuma ya paja iliyokuwa inamsumbua, akaja kustaafu 2014 ana miaka 40. Lothar Matthäus wa Ujerumani naye kutoka kiungo akarudi beki wa mwisho, Euro 2000 alicheza na miaka 39!

Sasa wewe mwambie kocha akujaribu namba nane (kiungo wa kati), au sita (kiungo mkabaji) kama unajua kukaba, na ukubali kuingia dakika ya 60 bila kununa (hapo ndo wakongwe wengi tunafeli). Pasha misuli vizuri, na ukicheza Jumapili basi Jumatatu pumzika, maana mwili wa sasa haurudi haraka kama zamani. Ila goti likivimba kila baada ya mechi usiseme ni umri tu, nenda hospitali.