Maswali ya Sinema: Yule Mwenye Baa ni Nani?

Shikamoo mzee. Wiki iliyopita nimeangalia tena The Godfather. Kuna pale Michael yuko Sicily, ameketi nje ya baa na walinzi wake wawili, wanamsimulia mwenye baa habari za msichana waliyekutana naye njiani. Kumbe ni binti yake! Yule mzee alivyobadilika uso nilirudisha nyuma mara tatu. Nimeona jina lake ni Saro Urzì, basi. Ni mwigizaji kweli au walimchukua mtu wa palepale kijijini? (Msomaji, Tanga)

Marahaba, mwanangu. Nimekaa na barua yako siku mbili kwa furaha. Watu wananiuliza habari za Marlon Brando na Al Pacino tangu nianze safu hii, na wewe ndiye wa kwanza kuniuliza habari za Mzee Vitelli, yule mwenye baa.

Huyo ni mwigizaji, tena mkubwa. Amezaliwa Catania, huko huko Sicily, mwaka 1913. Walipompiga picha pale kijijini Savoca mwaka 1971 alikuwa na miaka 58, na miaka saba kabla ya hapo alikuwa ameshachukua tuzo ya mwigizaji bora wa kiume katika tamasha la Cannes. Kwa hiyo ulichokiona si bahati ya mtu wa kijijini aliyekasirika mbele ya kamera. Irudie mara ya nne, sasa usiwaangalie vijana kabisa. Mwanzoni anacheka nao, anafurahia kusikia msichana anavyosifiwa, kwa sababu kila baba wa kijiji anapenda kusikia mabinti wa kwao wakisifiwa. Sifa zinaendelea. Kicheko hakikatiki ghafla, kinabaki mdomoni huku macho yameshaondoka. Halafu ndipo anaposema hakuna msichana wa namna hiyo hapa, anageuka na kuingia ndani kwa hasira. Mwongozaji hakulazimika kutuambia kitu. Sisi tumejua kabla ya Michael.

Niseme kwa nini watu wa namna hii nawapenda. Miaka ya sabini nilikuwa msaidizi katika chumba cha mashine, ukumbi mmoja wa sinema wa mjini kwetu. Kazi yangu ilikuwa kurudisha mikanda kwa mkono, kuunga iliyokatika kwa wembe na gundi, na kuchungulia kwenye kidirisha kuona kama picha imekaa sawa. Filamu moja unaiona mara kumi, mara kumi na tano. Stelingi unamchoka siku ya pili. Kuanzia siku ya tatu macho yanahamia pembeni, kwa mhudumu wa baa, kwa askari anayesimama mlangoni, kwa jirani mwenye maneno. Na mwenye ukumbi, akiona filamu imekuwa ndefu, alikuwa anatuagiza turuke mkanda mmoja wa katikati ili onyesho la pili lianze mapema. Mkanda unaorukwa hauwi wa stelingi kamwe. Ni ule wa jirani na askari wa mlangoni. Nilikuwa naurudisha kwenye kopo lake nikijua kwamba kuna mtu amefanya kazi nzuri mle ndani na mji wetu hautamwona. Hadi leo inaniuma.

Waitaliano wana neno lao kwa waigizaji hawa, *caratterista*, na sinema yao baada ya vita iliwategemea kuliko sinema nyingi nyingine. Watu walikuwa wanatoka kwenye magofu, waongozaji wametoka na kamera barabarani, na walichohitaji ni nyuso ambazo mtazamaji ataziamini bila kuulizwa. Urzì alikuwa nayo sura hiyo: mnene wa wastani, sharubu, shingo fupi, macho yanayoweza kuwa ya baba au ya tapeli. Alikwenda Roma akiwa kijana kutafuta riziki, akaingia kwenye filamu kwa vinafasi vya dakika moja moja. Hayo ndiyo maisha yake mpaka alipokutana na mwongozaji Pietro Germi.

Germi ni mtu wa Genova, kaskazini, lakini moyo wake wa kazi ulikuwa Sicily. Mwaka 1949 alitengeneza *In nome della legge*, habari ya hakimu kijana anayepelekwa kwenye mji mdogo ambako sheria ni ya wenye ardhi na ya mafia. Mji mzima unamgeuzia mgongo. Anayebaki upande wake ni mkuu wa kituo cha polisi, Grifò, na huyo ndiye Urzì. Waandishi wa sinema wa Italia walimpa Nastro d'Argento, tuzo yao, kwa mwigizaji bora msaidizi. Mwaka uliofuata Germi akamchukua tena katika *Il cammino della speranza*, ambamo wachimbaji wa salfa waliofungiwa mgodi wao wanauza vitu vyao ili wavuke milima kwenda Ufaransa. Safari hii Urzì ni yule anayechukua pesa zao kwa ahadi ya kuwafikisha, huku ameshapanga kuwatupa njiani. Fikiria: sura ileile, mwaka jana askari mwadilifu, mwaka huu tapeli wa wahamiaji. Sharubu hazikubadilika. Alibadilisha kasi ya macho tu.

Mwaka 1956 katika *Il ferroviere* alikuwa Gigi, rafiki wa dereva wa treni, na dereva aliigizwa na Germi mwenyewe. Dereva anakunywa, anakosana na wanawe, anawasaliti wenzake kwenye mgomo, na Gigi ndiye uzi unaomshika na dunia. Kwa mtu anayeanza, nashauri aanze na hii. Mwaka 1959, *Un maledetto imbroglio*, Germi ni mpelelezi na Urzì ni msaidizi wake. Katikati ya hizo alikuwa anaonekana pia kwenye zile filamu za Don Camillo, padri anayegombana kila siku na meya mkomunisti, yeye akiwa Brusco, mtu wa upande wa meya. Miaka kumi na tano yote hiyo ni mtu wa pembeni.

Halafu 1964. Germi anatengeneza *Sedotta e abbandonata*, anaipiga Sciacca, mji wa bandari kusini mwa Sicily, na nafasi kubwa ya filamu, Don Vincenzo Ascalone, anampa Urzì. Ana miaka 51.

Lazima nieleze kidogo, maana bila sheria ya wakati ule filamu haieleweki. Binti mdogo wa Don Vincenzo, Agnese, amepewa mimba na kijana aliyemchumbia dada yake. Kifungu cha 544 cha sheria ya jinai ya Italia kilisema mwanamume aliyemnajisi msichana anafutiwa kosa endapo atamwoa. Kifungu hicho kilikaa mpaka 1981. Don Vincenzo anakishika kama panga: kijana aoe au aende jela. Kijana naye, aliyemharibia msichana yeye mwenyewe, anasema hawezi kuoa msichana ambaye si bikira. Germi aliifanya vichekesho, na ni vichekesho kweli, lakini nilipoitazama na mke wangu, tulipofika katikati hakuna aliyekuwa akicheka. Sisi tumelea mabinti. Tunajua nyumba inavyokuwa siku jambo kama hilo linapojulikana, milango inavyofungwa, sauti zinavyoshuka, mama anavyogeuzwa kuwa mkosaji.

Na Urzì amesimama katikati ya hayo akitoa jasho. Anapiga makofi watoto wake ndani, akitoka nje ananyoosha koti, anavua kofia kwa kila anayepita, anatabasamu. Ukitazama hatua zile chache kati ya mlango wake na barabara utaona filamu nzima. Ndani ni mnyama aliyejeruhiwa, nje ni mheshimiwa, na kinachomtoka ni pumzi, kwa sababu mwili mmoja hauwezi kubeba watu wawili kutwa nzima. Unamchukia kwa anavyomtendea binti yake. Lakini hutaki afe, na hapo ndipo ufundi ulipo. Filamu inaishia kwenye sanamu yake ya kaburini, na chini imeandikwa heshima na familia.

Cannes mwaka ule iligawa tuzo ya mwigizaji bora wa kiume kwa wawili, yeye na Antal Páger wa Hungary. Mwaka 1965 Nastro d'Argento ya mwigizaji bora ikaja kwake pia, safari hii bila neno "msaidizi".

Baada ya hapo alirudi pembeni. Nilipokuwa kijana ningekwambia huo ni udhalimu, na sasa sisemi hivyo. Alirudi kwenye nafasi za dakika tano akiwa anajua zaidi cha kufanya ndani yake, na mojawapo ni ile ya Savoca iliyokufanya urudishe nyuma mara tatu. Mwaka 1972 alifanya na Germi mara ya mwisho, *Alfredo, Alfredo*. Germi alifariki Desemba 1974, Urzì Novemba 1979.

Mzee, nimesikia waigizaji wa Italia wa zamani hawakuwa wakisema kwa sauti zao. Ni kweli? Na kama ni kweli, kwa nini wapewe tuzo? (Msomaji, Morogoro)

Ni kweli kwa wengi. Waitaliano walizoea kupiga picha kwanza na kuingiza sauti baadaye studio, na anayeingiza si lazima awe yule unayemwona. Mwongozaji Fellini wakati mwingine aliwaambia waigizaji wahesabu namba tu mbele ya kamera, maneno yatakuja. Hata mwigizaji Claudia Cardinale, kwa filamu zake za mwanzo, sauti unayoisikia si yake.

Mfano ninaoupenda ni wa Tiberio Murgia. Alikuwa Msardinia, mtu wa kisiwa cha Sardinia, anaosha vyombo kwenye mkahawa Roma, watu wa mwongozaji Mario Monicelli wakamwona na kumtia kwenye *I soliti ignoti* ya mwaka 1958. Wakampa nafasi ya Msicilia mwenye wivu anayemfungia dada yake ndani. Sauti ya Kisicilia ikaingizwa na mtu mwingine. Tangu hapo, filamu zaidi ya mia, Waitaliano wakamjua kama Msicilia. Katika filamu ileile Carlo Pisacane, mzee wa Napoli, anasikika akisema kama mtu wa Bologna.

Kuhusu tuzo, ndugu yangu, nakuomba ufanye jambo moja. Siku ukiwa kwenye kibanda cha video na mtafsiri anaongea juu ya filamu, angalia kama bado unamjua mwongo na mkweli. Utawajua. Sauti ni ya mtafsiri, na mabega bado ni ya mwigizaji.

Kuna filamu ya zamani ambayo matapeli wanasubiri meli Italia ili waje huku kwetu Afrika Mashariki kutafuta madini. Baba alikuwa anasema ilipigwa Mombasa. Je, ni kweli? (Msomaji, Mombasa)

Ni *Beat the Devil* ya John Huston, 1953, yenye Humphrey Bogart na Gina Lollobrigida. Matapeli wanataka ardhi yenye urani, na Afrika Mashariki ya Waingereza ndiko wanakokwenda. Lakini baba yako alichanganya, Mungu amrehemu kama ametangulia. Filamu ilipigwa Ravello, juu ya pwani ya Amalfi, na matapeli wenyewe hawafiki huku. Meli inawaharibikia njiani.

Nimeiweka barua yako mwisho makusudi, ili mwanangu wa Tanga aisome pia. Meli hiyo inaitwa SS Nyanga, na ina nahodha mlevi, mnene, mwenye sharubu. Ni Saro Urzì.