Mvinyo Mwekundu Unaopitisha Mwanga: Umetiwa Maji?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mkulima wa zabibu, Hombolo, Dodoma. Dada yangu anaishi Bonn, Ujerumani, na alipokuja likizo alituletea chupa mbili za mvinyo mwekundu. Kibandiko kimeandikwa Spätburgunder, Ahr, 2020, asilimia 13. Tulipoumimina tulishangaa, maana rangi yake ni kama juisi ya rozela iliyozidishwa maji, na vidole vyangu naviona upande wa pili wa glasi. Baba anasema umechakachuliwa. Halafu kwenye baridi ile zabibu zinaivaje? Tumebakiwa na chupa moja.

JIBU: Marahaba mwanangu, na baba mfikishie salamu zangu. Mvinyo huo haukutiwa maji. Ungetiwa, kilevi kisingefika hiyo asilimia 13. Nazungumza kwa uhakika kwa sababu zabibu hizo nimezishika. Nilipokuwa nasoma Bonn nilikwenda kuvuna bonde la Ahr misimu mitatu, na mwaka mmoja nikaenda kupogoa mwezi Februari, vidole vikifa ganzi ndani ya glavu.

Spätburgunder ndiyo zabibu ambayo Wafaransa wanaiita Pinot Noir. Ganda lake ni jembamba na lina rangi kidogo. Wewe ni mkulima, unajua kwamba maji ya zabibu nyekundu ukiyakamua peke yake hutoka meupe. Wekundu wote umo kwenye ganda. Kwa hiyo zabibu hii, hata uitunze kama yai, haitakupa mvinyo mweusi tii kama wenu. Thamani yake imo kwenye harufu. Chupa iliyobaki ukiifungua, kabla ya kunywa inusie taratibu. Mimi huwa napata cheri, majani makavu, na kitu kama udongo uliopigwa na mvua ya kwanza.

Sasa hilo la baridi. Ahr ni mto mdogo unaoingia Rhine kusini mwa Bonn. Bonde lake ni jembamba, na mizabibu imepandwa kwenye miteremko mikali inayotazama kusini, juu ya matuta yaliyojengwa kwa kuta za mawe. Mawe yenyewe ni meusi, yanakatika vibamba vibamba. Mchana yanakunywa jua, usiku yanalirudisha kwa mizabibu. Jioni moja ya Septemba niliegemea ukuta mmojawapo nikasikia joto lake mgongoni, ilhali pumzi yangu inatoka moshi. Pia mwezi Juni mchana wa kule unazidi saa 16. Jua ni dogo, lakini linakaa sana.

Mzabibu wa kule unalala kabisa majira ya baridi, hauna jani hata moja. Ndipo unapogolewa, na kwenye kila shina linaachwa tawi moja au mawili tu, ambayo hukunjwa upinde na kufungwa kwenye waya. Macho yanachipua Aprili, na hapo ndipo roho za wakulima hukaa juu, kwa sababu jalidi, yaani umande ulioganda, ya usiku mmoja, hata katikati ya Mei, inaweza kuunguza machipukizi yote. Maua yanakuja Juni, mavuno Septemba. Ni mavuno mamoja kwa mwaka, ninyi mnavuna mara mbili. Vichala navyo vimebanana, mvua ikinyesha karibu na mavuno ukungu unaingia katikati usiuone kwa nje. Nilifundishwa kukiminya kila kichala taratibu, nakinusa, nakata punje zilizooza kwa ncha ya mkasi. Kazi ya siku nzima, mguu mmoja juu mmoja chini.

Kwenye kiwanda punje zilitenganishwa na vikonyo, zikakaa siku chache kwenye ubaridi ili ganda litoe rangi na harufu polepole, kisha zikaachwa zichache kwenye madebe makubwa yaliyo wazi. Maganda yanapanda juu yanafanya kifuniko kizito. Mara mbili kwa siku tuliyasukuma chini kwa mti. Taratibu, kwa sababu ukiyapondaponda mbegu zinatoa uchungu. Baada ya wiki mbili hivi hukamuliwa, na mchuzi unaingia kwenye mapipa ya mwaloni, mwaka mzima au zaidi. Baba akitaka kujua kama kuna kinachoongezwa, mwambie ukweli: miaka ambayo jua limekuwa haba, sheria inaruhusu sukari kidogo kabla mvinyo haujamaliza kuchacha, ili kuongeza kilevi. Maji hayaruhusiwi.

Nimeuona huo mwaka, 2020, nikanyamaza kidogo. Usiku wa tarehe 14 Julai 2021 mto ule mdogo ulifurika. Watu zaidi ya 130 walikufa bondeni. Katika vijiji kama Dernau na Mayschoß maji yalijaa maghala ya chini ya nyumba, na mvinyo mwingi wa 2020 ulikuwa bado umo kwenye mapipa. Mapipa yalielea, mengine yakachukuliwa na mto. Chupa zilizookolewa ziliuzwa na matope yake yakiwa yamekaukia juu, na fedha, mamilioni ya euro, zikasaidia kujenga upya. Mayschoß ndiko ulikoanzia ushirika wa wakulima wa zabibu mwaka 1868, miongoni mwa ile ya kale kabisa duniani. Chupa yenu ni ya zabibu zilizovunwa miezi kumi hivi tu kabla ya usiku ule.

Usije ukatamani kuipanda Hombolo. Kwa joto la kwenu itaiva haraka mno, uchachu utapotea kabla harufu haijakamilika, na majira ya kuilaza hamna. Endeleeni na mizabibu iliyozoea jua lenu.

Chupa iliyobaki iweke kwenye friji nusu saa tu, mvinyo huu ukiwa wa moto unanuka pombe tupu. Mkaange kuku wa kienyeji, pilipili iwe kidogo, na glasi ya kwanza mpe baba.