Kahawa ya kukamua kwa mkono: mbona bomba linagoma?

SWALI: Shikamooni. Nimeletewa kikamulio cha kahawa cha mkono, AeroPress. Natumia unga uleule wa kahawa ya dele. Bomba la kusukumia halishuki, na kinachotoka ni kichungu mno. Nakosea wapi?
Msomaji, Ngamiani, Tanga

JIBU: Marahaba. Tatizo ni huo unga. Wa dele husagwa laini sana kwa sababu kahawa yake haichujwi, hujituliza yenyewe chini. Kwenye karatasi ya kuchujia, vumbi hilo huziba matundu. Ukizidi kusukuma, kikombe kinaweza kuteleza na kukuunguza. Saga buni nyingine, chembe ziwe kama chumvi laini ya mezani.

Uchungu unatokana na ulaini huohuo, pamoja na maji. Tanga iko usawa wa bahari, maji huchemka kwa nyuzi 100 kamili, nayo ni moto mno kwa kahawa iliyokaangwa ikaiva sana. Epua, funua birika, subiri hadi nyuzi 85 hivi.

Lowesha karatasi kwanza kwenye kifuniko chenye matundu, kifunge chini ya kikamulio, ukisimamishe juu ya kikombe. Tia gramu 15 za unga na mililita 200 za maji, koroga sekunde 10, pachika bomba. Dakika moja ikipita, sukuma polepole kwa nusu dakika. Ukisikia "sssss", acha hapohapo.

Buni ya Usambara, ikikaangwa wastani, hupendeza sana hivi. Saga ya kikombe kimoja tu. Unyevu wa pwani huharibu unga upesi. Na usihifadhi bomba likiwa katikati: mpira hubonyea, hewa ikavuja.