Homoni ya upendo na jagi la maji

SWALI: Shikamoo daktari. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 27, na huu ni mwaka wa tano tangu aambiwe ana ugonjwa wa akili wa skizofrenia. Anatumia risperidoni na sauti alizokuwa akizisikia zimekoma. Lakini hacheki, hamtazami mtu usoni, umkasirikie au umfurahie kwake ni mamoja. Nimesoma kuhusu oksitosini, wanayoiita homoni ya upendo, kwamba ipo ya kupuliza puani. Je, nimnunulie? Na apimwe damu ili tujue kama imempungukia? Siku hizi pia amekuwa mtu wa kunywa maji tu, hata majagi matano au sita kwa siku, sijui kama vinahusiana.

JIBU: Marahaba. La maji umelitaja mwishoni kama jambo la pembeni. Mimi ndilo ninaloanza nalo, kwa sababu ndilo linaloweza kumdhuru wiki hii.

Oksitosini ina pacha wake, vasopresini. Zote mbili hutengenezwa kwenye hipothalamasi, chini kabisa ya ubongo, na kuingia katika damu kupitia tezi ya pituitari. Kila moja ni mnyororo mfupi wa asidi amino tisa, na zinatofautiana kwa asidi mbili tu. Kazi kubwa ya vasopresini ni kuiambia figo izuie maji. Mtu mzima wa afya akinywa mengi, vasopresini hushuka na ziada hutoka kwa mkojo. Baadhi ya wagonjwa wa skizofrenia hushikwa na hamu ya kunywa isiyo na kikomo, na wakati huohuo vasopresini yao haishuki inavyopaswa, hasa ugonjwa unapopanda. Maji hubaki mwilini, sodiamu, yaani chumvi ya kwenye damu, huzimuka, ubongo huvimba. Huanza na kichwa kuuma na kutapika, kisha kuchanganyikiwa, na mwisho degedege au kupoteza fahamu.

Mpeleke apimwe sodiamu, na sukari pia, maana kiu yaweza kuwa ya kisukari na baadhi ya dawa za ugonjwa huu huongeza hatari hiyo. Nyumbani mpime uzito asubuhi na jioni. Akiongezeka kilo kadhaa ndani ya siku moja, hayo ni maji, si chakula. Akitapika au akianza kuweweseka, usisubiri kuche.

Sasa hiyo chupa ya puani. Usinunue, na sababu ya kwanza inatoka hapohapo: oksitosini inafanana mno na pacha wake, kiasi kwamba kwa dozi kubwa nayo huzuia maji. Wakunga wanalijua hili, kwani dripu ya oksitosini ya kuchochea uchungu ikizidi huweza kuleta balaa lilelile.

Jina la homoni ya upendo nalo limeipa sifa kubwa kuliko stahili yake. Mwaka 1906 mtafiti Mwingereza Henry Dale aliona tu kwamba maji ya tezi ya pituitari yanakaza mfuko wa uzazi. Mkemia Mmarekani Vincent du Vigneaud aliitengeneza maabara mwaka 1953, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1955. Habari za upendo zilikuja baadaye sana, kutoka kwa voli, vinyama jamii ya panya wa Amerika Kaskazini ambao dume na jike hushikamana. Na hata huko upepo umegeuka: mwaka 2023 ilitolewa taarifa ya voli waliozaliwa bila kipokezi cha oksitosini, yaani mlango inaopitishia ujumbe wake kwenye seli, na bado walishikamana na wenzi wao.

Hata hivyo, wazo la kuijaribu kwenye skizofrenia halikuwa la kipuuzi. Dawa kama risperidoni huziba vipokezi vya dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe ndani ya ubongo. Huzima sauti na imani potofu, ila ule ukimya, ubaridi na kushindwa kusoma sura za watu haziyagusi sana. Oksitosini huingiliana na dopamini, na kwa watu wenye afya imeonekana kutuliza amigdala, mlinzi wa hofu ndani ya ubongo. Mwaka 2010 utafiti mdogo, wagonjwa 15 kwa wiki tatu, ulionyesha dalili zikipungua. Tukafurahi, nami nikiwamo. Majaribio yaliyofuata yakagongana, na yalipojumlishwa faida haikujitokeza waziwazi.

Maelezo ninayoelekea kuyaamini ni kwamba homoni hii haimmiminii mtu upendo. Inaongeza uzito wa kila kinachotoka kwa mwenzake: jicho, sauti, tabasamu. Anayewaamini watu atahisi joto. Anayedhani jirani anamsema, uzito uleule waweza kulisha shaka yake. Katika maradhi ya haiba yanayomfanya mtu aogope mno kuachwa, utafiti mmoja ulikuta oksitosini imewapunguzia watu imani kwa wenzao.

Kuhusu kupima oksitosini kwenye damu, usihangaike. Hudumu humo dakika chache, kati ya damu na ubongo kuna kizuizi, na njia mbalimbali za kuipima hazikubaliani. Homoni ambayo ningependa apimwe ni prolaktini, ile inayochochea maziwa kwa mama. Risperidoni huipandisha sana, na ikipanda, hamu ya tendo la ndoa hufifia, nguvu za kiume hupungua, hata matiti huweza kukua. Kijana hatakwambia hayo wewe ndugu yake. Atajifungia chumbani tu.

Mtazame pia anavyotembea. Mikono inaning'inia bila kuyumba? Dawa ikimzidi, uso hukakamaa na mtu akaonekana hana hisia, kumbe ni misuli. Sonona nayo hujificha humohumo. Mweleze daktari wake yote haya, wala usimpunguzie dozi mwenyewe. Ikionekana dawa na sonona si chanzo, yapo mafunzo ya kusoma nyuso na sauti za watu kwa mazoezi ya kurudiarudia, ambayo ushahidi wake unanishawishi kuliko wa chupa yoyote ya puani. Lakini hayo ni ya wiki zijazo. Sodiamu ipimwe kesho asubuhi.