Maswali na majibu: Mwacheni afanye mwenyewe

Wiki hii nusu ya maswali ni lile lile la mafuta ya kuchua, kwa hiyo naanza nalo tulimalize.

Baba alipata kiharusi miezi minane iliyopita, mkono wa kulia hautumii kabisa. Tunamchua asubuhi na jioni, kuna mafuta mazuri zaidi?

Jamani. Kilichoumia ni ubongo, sasa mafuta ya kiganjani yatafikaje huko? Kuchua kunampa raha, kama anapenda endeleeni, lakini kuchuliwa sio kujifunza. Ubongo unatafuta njia mpya pale mwenyewe anapojaribu, anakosea, anarudia tena. Na mkono kutotumika haimaanishi umekufa, siku za mwanzo aliujaribu ukagoma, akahamia kushoto mambo yakaenda, basi ubongo ukazoea kuuacha wa kulia na hata nguvu kidogo ziliporudi hakuna aliyeujaribu tena. Edward Taub, mtafiti wa Marekani, ndo alilichimba hili, kwanza kwa tumbili afu kwa watu, mkono mzima unavalishwa glavu nene ili ule dhaifu ulazimike kufanya kazi. Utafiti mkubwa uliotoka 2006 ulichukua watu 222 waliokuwa na miezi 3 hadi 9 tangu kiharusi, wiki mbili za glavu na mazoezi ya masaa mengi, na mwaka mmoja baadaye bado walikuwa mbele ya wenzao waliopata huduma ya kawaida. Kwa hiyo mzee hajachelewa. Ila walichukuliwa watu wanaoweza kuinua kiganja na kufungua vidole walau kidogo, kama vya baba havifunguki hata chembe msimvalishe glavu, mtamtesa bure, na asiivae akiwa anatembea.

Mpeni kitambaa afute meza kwa huo mkono. Glasi ya plastiki tupu, aishike, aisogeze, aiachie, na hesabuni. Mwaka 2009 kuna watafiti walihesabu kwenye vikao vya mazoezi baada ya kiharusi wakakuta mkono unafanya harakati za kazi wastani wa mara 32 tu kwa kikao, wakati wanyama wa maabara wanarudishwa kwenye hali yao kwa kurudia mara mamia kila siku. Yaani kikao peke yake hakitoshi, kazi kubwa iko nyumbani.

Kuna sindano ya kuamsha mishipa?

Hamna. Ipo ya kulegeza misuli iliyokaza, hiyo kaulize daktari, lakini haimfundishi mtu kushika.

Mpira wa kuminya je?

Nimeshalijibu hili mara nyingi mno. Mkono uliojikunja hauhitaji kufundishwa kukunja, mfundisheni kufungua na kuachia.

Mwanangu wa miaka 4 ana mtindio wa ubongo. Nimesikia Hungaria wanafundishwa darasani wanapona, ni kweli?

Dada yangu, hawaponi, na yeyote anayekuahidi kupona mkimbie. Njia yenyewe ni ya András Pető, daktari aliyeianzisha Budapest miaka ya 1940, akasema huyu mtoto ni mwanafunzi kabla hajawa mgonjwa. Wanakaa kwa kikundi, mwalimu wao anaitwa kondakta, anashika yote kwa pamoja, kutembea, kuongea, kuvaa, na kabla ya kusogeza kiungo wanasema kwa sauti wanachotaka kufanya, wanahesabu, wanaimba. Tafiti hazijaonyesha kwamba inayashinda mazoezi mengine yenye muda ule ule, kwa hiyo usiuze mali uipandie ndege. Chukua wazo. Niliwahi kukaa na mtoto kama wako akihangaika na soksi iliyogoma kwenye kisigino, mama yake mkono ukamtoka mara tatu kutaka kumsaidia nikaurudisha, ilipovuka kisigino yule mtoto akacheka, akaivua, akaanza upya peke yake. Ile mara ya pili hakuna mtu anayeweza kumfanyia.

Mama ana Parkinson, akifika mlangoni miguu inaganda tunamvuta.

Msimvute, mtamwangusha. Parkinson ni ugonjwa wa ubongo, umegusa ile hatua inayojiendea yenyewe, ila ya kukusudia mara nyingi bado ipo. Bandikeni utepe sakafuni avuke mstari mmoja mmoja, au asimame, ayumbe kushoto kulia, ahesabu moja mbili, ndo aondoke. Na mazoezi yake yawe wakati dawa imeshashika.

Kaka kapata kiharusi juzi, tumwinue tumtembeze haraka?

Msikurupuke. Utafiti wa 2015 wenye watu zaidi ya 2,000 ulikuta walioanzishwa mapema sana na kwa wingi hali zao miezi 3 baadaye zilikuwa mbaya zaidi. Kidogo kidogo, mara kwa mara, na wauguzi wawepo. Na nawaomba sana, mkimwinua msivute ule mkono dhaifu, bega linachomoka na maumivu yake yatamfanya akatae mazoezi miezi mizima.

Mume wangu ananuna nikimwacha avae mwenyewe, anasema simpendi.

Pole mama. Kama kununa ni kwa kutwa nzima na usingizi hakuna, hiyo inaweza kuwa sonona, inawapata karibu theluthi moja ya watu baada ya kiharusi na ina tiba, mpeleke. Kama ni hasira za shati tu, mpe lenye vifungo vikubwa, mkono dhaifu uingie kwanza, na muanze nusu saa kabla ya muda wa kutoka ili usijikute unamfungia vifungo kwa haraka.