Maswali ya Jikoni: Mkate wa chachu wenye zeituni, jibini na oregano

Barua nyingi za safari hii zinahusu mkate wa chachu ya asili wenye viungo vya Kigiriki. Majibu yote yanafuata kipimo hiki kimoja: unga wa ngano gramu 500 (mweupe 400, atta 100), maji gramu 320, chachu iliyoumuka vizuri gramu 100, chumvi gramu 8, mafuta ya zeituni gramu 20, zeituni zisizo na kokwa gramu 120, jibini aina ya feta gramu 80, oregano kavu kijiko kimoja cha chai, na rozmari iliyokatwakatwa kijiko kimoja cha chai.

*Shikamooni. Nilichanganya unga na maji kuanzisha chachu. Siku ya pili ilijaa mapovu, siku ya nne ikanyamaza kabisa, na juu pametanda maji yenye harufu kali. Niimwage? (Msomaji, Njombe mjini)*

Marahaba. Usiimwage. Mapovu ya siku ya pili hayakutokana na hamira. Ni bakteria wa mwanzo wanaotoa gesi haraka, kisha wanashindwa uchachu unapozidi. Kimya kinachofuata ndicho kipindi ambacho hamira pori na bakteria wa asidi ya maziwa wanaanza kushika nafasi, na kwa baridi ya Njombe ya Juni na Julai kinaweza kupita siku kumi. Wengi humwaga hapo hapo, wakaanza upya, wakakwama siku ile ile ya nne.

Maji ya juu ni dalili ya njaa. Yamwage, bakiza gramu 20 za chachu, ongeza unga gramu 40 (nusu yake atta) na maji ya uvuguvugu gramu 40. Weka chupa ndani ya hotpoti pamoja na kikombe cha maji ya moto, ukiyabadilisha asubuhi na jioni. Unatafuta nyuzi 25 hadi 28. Ukizidisha moto utaiua. Maji ya bomba yenye dawa yaache wazi usiku kucha kwanza. Na kama una kimea cha ulezi cha togwa, nusu kijiko cha chai mara moja tu husaidia, kwani vimeng'enya vyake huvunja wanga kuwa sukari. Ukizidisha, unga utanata usishikike.

Iko tayari ikiongezeka mara mbili ndani ya saa 4 hadi 6, tena kwa milisho miwili mfululizo. Ukiona ukungu, au rangi ya waridi au ya chungwa, tupa yote na uoshe chombo kwa maji yanayochemka.

*Mkate wangu wa zeituni unatoka na madoa ya zambarau, una chumvi kali na umelowa kuzunguka kila zeituni. Nilitia na vitunguu saumu vibichi. (Msomaji, Mafinga)*

Zeituni za chupa zimelala kwenye maji ya chumvi. Zisuuze, zikate vipande viwili, zitandaze juu ya kitambaa kwa nusu saa, kisha zikamue kwa mkono. Ndiyo maana chumvi yetu ni gramu 8. Mkate mtupu wa unga huu ungechukua 10 au 11.

Kosa la pili ni wakati wa kuzitia. Ukizikanda tangu mwanzo zinasagika, rangi inasambaa na donge linachanika. Changanya unga, maji na chachu, acha dakika 30, ndipo utie chumvi, mafuta na majani. Kunja donge kila nusu saa, mara nne: vuta ukingo mmoja juu, ulaze katikati, zungusha bakuli, rudia. Zeituni na jibini viingie kwenye mkunjo wa pili, donge likiwa limeshapata nguvu ya kuvibeba.

Saumu mbichi hudhoofisha hamira na kulegeza donge. Ichome kwanza na maganda yake hadi ilainike. Oregano, kwa maoni yetu, iwe kavu, maana ukiikausha harufu yake hukolea. Rozmari iwe mbichi na ikatwe ndogo sana, maana jani zima ndani ya mkate huchoma ufizi. Usiitandaze juu, itaungua.

Kwa nyuzi 18 hadi 20 za jikoni, donge huchukua saa 7 hadi 9. Lisubiri liongezeke kwa nusu tu. Huku nyanda za juu mgandamizo wa hewa ni mdogo, gesi hutanuka zaidi, na donge lililoachwa hadi maradufu mara nyingi huporomoka likiingia motoni.

*Feta haipatikani, na ikipatikana bei haishikiki. Nitumie nini? (Msomaji, Gangilonga, Iringa)*

Feta halisi hutengenezwa Ugiriki kwa maziwa ya kondoo, yakichanganywa na ya mbuzi yasiyozidi asilimia 30. Tangu 2002 Umoja wa Ulaya umelinda jina hilo. Kwa mkate, jitengenezee ya kufanania. Pasha lita 2 za maziwa hadi yakaribie kuchemka, epua, mimina mililita 60 za maji ya limau polepole, acha dakika 15. Chuja kwa kitambaa, kandamiza kwa kitu kizito saa 3, kata vipande, loweka usiku mzima kwenye lita moja ya maji yenye gramu 70 za chumvi. Haiyeyuki motoni, na hilo ndilo tunalolitaka: jibini laini ya kuyeyuka huacha mashimo yenye mafuta. Ladha haitakuwa kali kama feta, basi ongeza oregano kidogo.

Mafuta ya parachichi yanafaa kabisa badala ya ya zeituni. Ya alizeti pia, ila hayachangii ladha.

*Sina oveni. Naoka kwa mkaa, na kipimajoto hakifiki nyuzi 98 kama nilivyoelekezwa. (Msomaji, Mwanjelwa, Mbeya)*

Hakitafika. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na maji huchemka kwa takriban nyuzi 94, kwa hiyo ndani ya mkate wenye unyevu hakupandi zaidi ya hapo. Ukisubiri 98 unaukausha. Utoe kwenye 92 au 93, ukiugonga chini ulie kama ngoma.

Tumia sufuria zito lenye mfuniko bapa, na ndani yake kisahani cha chuma ili donge lisiguse kitako. Lipashe dakika 20. Palia mkaa: theluthi moja chini, theluthi mbili juu ya mfuniko. Usifunue dakika 25 za kwanza, kwa sababu mvuke ndio unaoacha ganda laini mkate upande. Kisha funua kidogo upande mmoja, dakika 20 nyingine. Uache upoe saa 2 kabla ya kukata, la sivyo utanata kisuni na utadhani haujaiva.

*Naweza kuongeza hamira ya dukani? (Msomaji, Tukuyu)*

Unaweza, gramu 1 kwa kipimo hiki. Muda utapungua kwa karibu nusu, na uchachu utapungua pia.