Mdogo wetu mwenye sindromu ya Down amefariki, baba mdogo anasema haombewi dua

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Sisi ni wakulima kijijini. Mdogo wetu wa kiume alizaliwa na sindromu ya Down, ile hali ya kuzaliwa nayo inayomchelewesha mtu kukua na kujifunza, amefariki mwaka jana akiwa mtu mzima, baba yetu alishamtangulia. Familia tukikaa kuwaombea marehemu wetu, baba mdogo anataja majina yote anaruka lake, anasema yule hakuwa na akili, kalamu haikumwandikia kitu, kumuombea ni kupoteza muda. Siku nyingine anasema kabisa kwamba mtoto yule alikuwa adhabu ya jambo alilofanya mama, na mama akisikia hivo hali chakula. Mdogo wetu alishinda shambani na sisi, yeye ndo alibeba kopo la mbegu, anatia tatu tatu kila shimo wala hakosei, na alikuwa anasali na sisi japo takbira anaipiga kwa sauti katikati ya sala. Je tumuombee? Sadaka itamfikia? Mwaka huu tunagawana shamba la marehemu baba, naomba unijibu kabla hatujakaa kikao.

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah binti yangu. Allah amrehemu mdogo wenu na ampe mama yenu subira. Muombeeni, mtajeni kwa jina lake, na sadaka mkimtolea inamfikia inshaallah. Hilo halina utata. Ila siwezi kuishia hapo, manake haya maneno ya baba mdogo wako nimeshayasikia kwa watu wengi, tena wanayasema kama dini, na wanawaumiza kina mama ambao wameshaumia vya kutosha.

Anaegemea hadithi sahihi, hilo namkubalia. Mtume (s.a.w.) amesema kalamu imeinuliwa kwa watu watatu, aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na asiye na akili mpaka akili imrudie. Lakini hadithi inasema nini? Inasema haandikiwi dhambi, basi. Haisemi asiombewe wala jina lake lirukwe. Tena kama hoja ni kwamba asiye na dhambi haombewi, hebu nimuulize, Mtume wetu Allah si amemwambia kwenye Suratul Fat'h kwamba amemsamehe yaliyotangulia na yatakayokuja? Na bado kwenye Suratul Ahzab aya ya 56 tumeamrishwa tumsalie, na sisi tunamsalia usiku na mchana. Mbona hakuna anayesema tunapoteza muda? Dua inaomba msamaha, na pia inaomba rehema, daraja, nuru ya kaburi, na kukutanishwa na wapenzi wako. Nani asiyehitaji hayo?

Na kuna athari, yaani simulizi ya Sahaba, iliyo wazi zaidi, imo kwenye Muwatta, kitabu cha hadithi cha Imam Malik. Said bin Musayyab anasimulia kwamba alisali nyuma ya Abu Hurayra jeneza la mtoto ambaye hajafanya dhambi hata moja, akamsikia anasema, Ewe Allah mkinge na adhabu ya kaburi. Mtoto hana dhambi na Sahaba anamuombea kinga! Sasa sisi tumepata wapi elimu ya kumzidi Abu Hurayra mpaka tuseme huyu hahitaji?

Halafu nani kamwambia kwamba mdogo wenu hakuwa na akili? Watu wenye sindromu ya Down hawalingani. Wapo wanaosoma na kufanya kazi, wapo wanaohitaji kusaidiwa karibu kila kitu, na wengi wapo katikati hapo. Kijana anayejua mbegu tatu kila shimo, anayesikia adhana akaja kusimama kwenye safu, huyo anafahamu kitu, na alichokifahamu akakifanya kwa ajili ya Allah hakipotei. Kuna mwanamke alimnyanyua mtoto wake mdogo mbele ya Mtume akauliza, huyu ana hija? Akajibiwa, ndiyo, na wewe una ujira. Yaani kalamu ya dhambi imeinuliwa ila wema wake unapokelewa. Na Mtume amesema hakuna Muislamu anayepanda mti au mmea, akala humo ndege au mtu au mnyama, ila inakuwa ni sadaka kwake. Hebu hesabu misimu yote aliyobeba lile kopo! Mimi namtarajia kheri nyingi ambayo sisi wenye akili zetu tunaweza tusiifikie. Na ile takbira yake ya katikati isiwasumbue kabisa, Anayeisikia anajua ametoa kwa moyo gani.

Sasa hili la adhabu, hapa nitakuwa mkali na baba mdogo anisamehe. Quran inasema mbebaji habebi mzigo wa mwingine, imerudiwa zaidi ya mara moja, sasa mtoto abebeshwe vipi dhambi ya mama, na hiyo dhambi yenyewe nani aliiona? Huku ni kumsingizia mama wa watu na kumsemea Allah bila elimu. Na sababu yenyewe inajulikana, mwaka 1959 Jérôme Lejeune na wenzake kule Ufaransa walitangaza kwamba watu hawa wana kromosomu ya 21 moja ya ziada, yaani vile viuzi vidogo ndani ya chembe za mwili vinavyobeba maumbile ya kurithi, wana 47 badala ya 46. Mara nyingi hiyo ya ziada inaingia wakati yai au mbegu ya uzazi inapotengenezwa, kabla hata mimba haijashika, hakuna alichokula mama, wala kazi aliyofanya shambani, wala ugomvi na mtu uliosababisha. Umri wa mama ukiwa mkubwa uwezekano unaongezeka, lakini umri si dhambi, na mama vijana pia wanajifungua watoto hawa. Msomee mama hiki kipande taratibu, na mwambie kulia si kosa, Mtume mwenyewe alimlilia mwanawe Ibrahim.

Na huku kumruka jina kunanikumbusha yule aliyekuwa anafagia msikiti wa Mtume. Alifariki, Masahaba wakaona ni jambo dogo wakamzika bila kumwambia. Mtume alipouliza akaambiwa, akasema kwa nini hamkunijulisha, nionesheni kaburi lake, akaenda akamsalia pale pale. Na kwenye Sahihi Muslim kuna mwanamke aliyekuwa na kitu kwenye akili yake, alimwambia Mtume nina haja na wewe, Mtume akamwambia chagua njia yoyote unayotaka nikutimizie haja yako, akasimama naye pembeni mpaka akamaliza. Huyo ndo tunayesema tunamfuata.

Kuna jambo hujaniuliza ila nimeliona kwenye barua yako, hilo shamba. Baba yenu alifariki mdogo wenu yuko hai, kwa hiyo alimrithi baba yake fungu kamili la mtoto wa kiume, sindromu haipunguzi hata hatua moja ya ardhi. Kama kuna anayetaka kuitumia ile aya ya Suratun Nisaa inayosema msiwape mali wasioweza kuisimamia, aisome mpaka mwisho, inasema walisheni, wavisheni, na waambieni maneno mema. Ni aya ya kuwatunza, haikuja kuwanyima. Basi kwenye kikao gaweni kwanza kana kwamba yupo, halafu fungu lake ligaweni kwa warithi wake yeye. Kama hakuacha mke wala mtoto na nyie ndugu mko wawili au zaidi, mama anachukua sudusi, yaani moja ya sita, na kilichobaki ni chenu ndugu zake wa baba na mama mmoja, mwanamume mafungu mawili na mwanamke moja. Maadamu ana kaka wa baba na mama, baba mdogo hapo hana kitu. Wala usiogope kudai haki yako na ya mama kwa sababu eti ni aibu kubishana na wakubwa, ongea kwa adabu lakini ongea.

Mkitaka kumtolea sadaka, Saad bin Ubada alimtolea mama yake bustani baada ya kufariki na Mtume akaikubali. Nyie mnaweza kutenga kipande cha lile fungu, warithi wote mkiridhia, mkaweka miti ya matunda apitae ale, au mavuno yake yakamsaidia mtoto mwingine wa kijijini mwenye hali kama yake apelekwe kliniki akapimwe moyo, manake karibu nusu yao huzaliwa na matatizo ya moyo na kijijini wengi hawapimwi. Mimi hilo la pili ningelipenda zaidi.

Na mkikaa tena kwa dua, baba mdogo akiruka jina, wewe litaje. Huhitaji ruhusa ya mtu kumuombea ndugu yako. Akikasirika mpe hii karatasi asome, na akitaka kunijadili mlango wangu uko wazi.

Wallahu aalam.